Leza, umeme wa mapigo au kibati cha kurushwa: fyusheni ya kuminya, uingie upande upi?

Muda wa kuchagua projekti ya mwaka wa mwisho ukifika, vijana wa fizikia na wa umeme hapa Dodoma wanakwama sehemu ile ile. Wamesikia Wamarekani wamewasha fyusheni kwa leza, wamesikia pia kuna mashine inaitwa Z ambayo inaminya kwa umeme mtupu, afu hawajui washike lipi, na ukimuuliza mtu wa leza anakuponda umeme, ukimuuliza wa umeme anakuambia leza ni kuchoma hela. Nimeona niziweke njia zote mezani kwa maswali yale yale ili kila mtu aondoke na yake.

Kwanza tuwekane sawa. Hapa kwetu ukitaja nyuklia watu wanakumbuka wale watafiti wa urani waliopita Bahi na Manyoni. Huku hakuna urani. Ni deuteriamu na tritiamu, yaani haidrojeni mbili nzito, zinaungana zinatoa heliamu na nyutroni, na kila muungano unatoa MeV 17.6 (MeV ni kipimo cha nishati ya chembe moja moja). Kuna kundi la kuishikilia plazma, yaani gesi ya moto mkali iliyochajika, kwa sumaku muda mrefu, kama ITER kule Ufaransa, hilo leo naliacha. Sisi tunaongelea fyusheni ya inesha, ambayo unayaminya mafuta (ndizo hizo haidrojeni) kwa kasi kiasi kwamba yanawaka kabla hayajapata muda wa kutawanyika. Kinachoyashikilia ni uzito wao wenyewe tu, na kwa nanosekunde chache.

Njia ni tatu. Leza. Umeme wa mapigo unaominya mrija moja kwa moja. Na umeme wa mapigo unaorusha kibati kikapige shabaha, yaani kile kifuko chenye mafuta.

Nalinganisha kwa nini

Mambo matano: inaminyaje, imefika wapi mpaka sa hivi, inakula umeme kiasi gani ukilinganisha na unaofika, baada ya pigo moja la pili linapigwa lini, na mtu aliyeko Dodoma anaingilia mlango gani. Bei ya jengo sijaiweka maana hakuna kati yetu anayejenga.

Na niseme mapema kitu nilichokiona kwenye hizi njia zote, kwamba ugumu haupotei, unahama tu. Leza inauweka ugumu kwenye kutengeneza nishati, ila ukishaipata unaifikisha kwa mbali, kwa usafi, hakuna kinachogusana na shabaha. Umeme wa mapigo nishati yake ni bei chee, kasheshe inaanzia sentimita chache za mwisho. Kwa hiyo swali la maana kwako ni ugumu gani mikono yako inauweza.

Inaminyaje

Leza: mashine kubwa kuliko zote ni NIF, iko Livermore, California. Miale 192 ya urujuanimno inaingia kwenye kikopo kidogo cha dhahabu kupitia matundu ya ncha mbili. Haikigusi kidonge cha mafuta kilichomo. Inapiga kuta za ndani, dhahabu inachemka inatoa eksirei, na eksirei ndizo zinachoma ganda la kidonge chenye kipenyo cha milimita 2 hivi. Ganda linalipukia nje, sehemu iliyobaki inasukumwa ndani kwa kasi inayokaribia kilomita 400 kwa sekunde. Wapo pia wanaopiga kidonge moja kwa moja bila kikopo, kama OMEGA ya Rochester yenye miale 60.

Umeme wa mapigo: hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndiko watu wengi hawapajui. Msingi wake ni mzunguko wa jenereta ya Marx, uliotolewa na Mjerumani Erwin Marx mwaka 1924: unazijaza chaji kapasita nyingi (vifaa vya kuhifadhi umeme) zikiwa sambamba, afu swichi zinazigeuza ghafla zote ziwe mfululizo, volti zinajumlishana. Mashine Z ya maabara ya Sandia, Albuquerque, ina benki 36 za hivyo zilizopangwa duara lenye upana wa mita 33, zimezamishwa kwenye mafuta ya kuhami umeme, zikishafyatuka umeme unapita kwenye tenki za maji yaliyosafishwa ambako pigo linazidi kufupishwa, na mwisho kabisa linaingia kwenye chemba isiyo na hewa katikati. Kujaza ni dakika chache. Kutoka ni kama nanosekunde 100, na mkondo unapita ampea milioni 20.

Nishati yote iliyohifadhiwa humo ni megajuli 22. Zigeuze kuwa uniti za LUKU unapata uniti 6, pesa ambayo haifiki elfu tatu! Lakini kwenye kilele pigo linafika terawati 80 hivi, ambazo ni kama mara elfu 38 ya Bwawa la Nyerere likiwasha mitambo yote ya megawati 2,115. Hakuna nishati iliyoongezeka hapo katikati, ni muda tu umefupishwa. Mtu akishalielewa hilo, umeme wa mapigo wote ameuelewa.

Sasa kuminya kwenyewe. Mikondo miwili inayoelekea upande mmoja inavutana, hiyo mmeisoma sekondari. Pitisha ampea milioni 20 kwenye ukuta wa mrija mwembamba, kila uzi wa mkondo unavuta mwenzake na mrija wote unajikunja kuelekea katikati. Piga hesabu mwenyewe: mrija ukifika nusu kipenyo cha milimita 1, uga sumaku juu yake ni tesla 4,000, na presha yake ni kama angahewa milioni 63. Uzuri ni kwamba mkondo ukiuzidisha mara mbili presha inapanda mara nne, na kadiri mrija unavyosinyaa presha inazidi. Na siyo jambo la juzi, mwaka 1905 maprofesa wawili wa Sydney, Pollock na Barraclough, walipelekewa bomba la shaba la kukinga radi lililokuwa limebonyea lote baada ya kupigwa, wakaonyesha kwamba mkondo wa radi wenyewe ndio uliolibana. Kwa hiyo hizi radi za Januari zinazotutisha huku Kongwa na Mpwapwa zina uwezo huo huo, zinakosa tu mpangilio.

Jinsi Z inavyoutumia kwa fyusheni inaitwa MagLIF. Mrija wa beriliamu wenye urefu wa sentimita 1 hivi unajazwa gesi ya deuteriamu, koili za nje zinaweka uga wa tesla 10 mpaka 20 ndani yake, leza inapasha gesi moto, halafu mkondo unaponda. Ule uga unazuia joto lisikimbilie kwenye kuta, ndiyo maana kasi ya kilomita 70 hivi kwa sekunde inatosha, wala hauhitaji 400 za leza. Mmeona lakini kuna leza humo humo? Tena hiyo leza, Z-Beamlet, ilianza maisha yake Livermore kama jaribio la kutengeneza NIF. Hizi kambi mbili zinazopondana ni ndugu kabisa.

Kibati: benki ile ile ya kapasita, ila presha ya sumaku badala ya kuponda mrija inasukuma kipande cha bati jembamba. Z imewahi kurusha vibati kwa zaidi ya kilomita 40 kwa sekunde. Waliolishika kwa fyusheni ni First Light Fusion wa Oxford, ambao shabaha yao ina umbo maalum ndani linalochukua pigo la upande mmoja na kuligeuza kuwa mminyo wa pande nyingi.

Imefika wapi

Kwenye hiki kigezo leza iko mbele na haina mjadala. Tarehe 5 Desemba 2022 NIF iliingiza megajuli 2.05 kwenye shabaha ikatoka 3.15. Mwaka 2023 wakafika 3.88, na Aprili 2025 wakapata 8.6, yaani zaidi ya mara nne ya iliyoingia. Mafuta yamewaka kweli kweli, hilo limekwisha.

MagLIF ilipendekezwa mwaka 2010, majaribio kamili yakaanza 2013. Joto limefika kama digrii milioni 35, nyutroni zinatoka, wanazungumzia trilioni kumi kwa pigo moja wakitumia deuteriamu tupu. Ni fyusheni ya kweli ila bado iko mbali sana na kuwaka, na sababu kubwa ni kwamba Z haina ampea za kutosha. Wanaotaka kuzipata wapo: Pacific Fusion ya California ilitangaza mwaka 2024 kwamba imepata zaidi ya dola milioni 900 kujenga mashine ya ampea milioni 60 na kitu. Wachina nao wana mashine yao huko Mianyang, Warusi wana Angara-5 ya tangu enzi za Usovieti.

Kibati ndicho kiko nyuma kuliko wote. First Light walipata nyutroni za fyusheni mwaka 2022 wakitumia mzinga wa gesi, hata siyo umeme, kasi kilomita 6.5 tu kwa sekunde. Wakaenda mpaka Z wakaweka rekodi ya presha, na mwaka 2025 wakasema hawajengi tena mtambo wao wa umeme, watauza teknolojia ya shabaha kwa wengine. Wengine wanasema wameshindwa, mimi naona wamejipanga upya, utaamua mwenyewe.

Kuna adui mmoja wa wote watatu. Ukibana kitu kwa nguvu kinatafuta pa kutokea, kama tonge la ugali laini ukilikunja ngumi linavyochomoza katikati ya vidole. Kikwaruzo kidogo juu ya ganda au mrija kinakua wakati wa kuminywa mpaka ukuta unapasuka kabla mafuta hayajaiva. Leza wanapigana nalo kwa kidonge cha almasi kilichong'arishwa mno. Mrija wa umeme una hali mbaya zaidi hapa kwa sababu sumaku yenyewe inachochea, ndiyo maana wanautengeneza mnene ili usipasuke mapema.

Umeme unaoingia na unaofika

Hapa meza inageuka. Zile megajuli 2 za leza NIF inazipata kwa kuvuta kama megajuli 300 kutoka gridi, chini ya asilimia 1 inafika. Leza za kisasa zinazotumia diodi zinaahidi asilimia 10 na zaidi, ila ukubwa huo haujajengwa. Umeme wa mapigo unafikisha sehemu kubwa zaidi ya nishati, Z ikitumika kutoa eksirei ilitoa zaidi ya megajuli 2 kati ya zile 22 zilizohifadhiwa, ambayo ni kama asilimia 10.

Inaleta tofauti gani? Chukua mtambo unaogeuza joto kuwa umeme kwa asilimia 40. Mashine ya asilimia 1 inahitaji shabaha itoe mara 250 ya ilichopewa ndipo ujilipe mwenyewe, hujauza hata uniti moja. Mashine ya asilimia 15 inahitaji mara 17 tu. NIF iko mara 4. Kwa hiyo ukiona kichwa cha habari "fyusheni imetoa umeme mwingi kuliko iliotumia", hapana, imetoa nyingi kuliko zilizogusa shabaha.

Kibati kinarithi bei rahisi ya kapasita lakini kinalipa ushuru mara mbili, umeme kwenda mwendo, mwendo kwenda presha, na kila hatua inakula.

Pigo la pili lini

Leza ya kutoa umeme ingetakiwa ipige kama mara 10 kila sekunde. NIF vioo vyake vikubwa vinahitaji saa kadhaa vipoe. Diodi zinaweza kutatua hilo, ila vidonge kumi kila sekunde, kila kimoja kimetengenezwa kwa usahihi wa ajabu na bei ya senti... hapo bado kuna kazi. Faida yake ni kwamba vioo viko mita nyingi kutoka kwenye mlipuko.

Z inapiga mara moja kwa siku hivi. Baada ya pigo katikati pote pameharibika, mafundi wanaingia wamevaa mavazi ya kinga, wanatoa vyuma vilivyoyeyuka, wanafunga vipya. Umeme lazima ufike kwa chuma, na chuma kinachofika kwenye shabaha kinakufa na shabaha, huwezi kukwepa. Wazo la mtambo ni kupiga polepole, mara moja kwa sekunde 10 hivi, lakini pigo kubwa la gigajuli kadhaa. Gigajuli 3 ni uniti 833 za joto kwa pigo moja. Vyuma vinavyokufa vitengenezwe kwa kitu cha kuyeyusha na kumimina tena. Upande wa mashine yenyewe kuna habari njema, maana Warusi wa Tomsk walileta muundo wa kapasita ndogo nyingi na swichi zake zilizopangwa kwenye duara, pigo linatoka fupi moja kwa moja bila zile tenki za maji, na umeonyesha unaweza kurudia pigo kila sekunde 10 hivi.

Kibati hapa kina hoja nzuri kuliko zote: kinaruka, kwa hiyo mashine inaweza kukaa mbali na mlipuko. Ila kwa kasi hizo kibati chenyewe kinaanza kuyeyuka njiani, umbali nao una mipaka.

Mlango wa mtu wa Dodoma

Sandia na Livermore ni maabara za silaha za nyuklia za Marekani, kazi nyingi pale zinataka uraia wao, usijidanganye na picha. Milango ya kweli ni vyuo. Upande wa mapigo: MAGPIE ya Imperial College London, COBRA ya Cornell, MAIZE ya Michigan, zote mashine za mkondo wa ampea milioni moja hivi ambazo mwanafunzi wa udaktari anazishika kwa mkono wake. Upande wa leza: Rochester kwa Marekani, York na Imperial kwa Uingereza, Palaiseau kwa Ufaransa. Leza ina vyuo vingi zaidi, na ujuzi wake wa vioo na mwanga unauzika hata nje ya fyusheni. Kibati kina mlango mwembamba, ni watu wa fizikia ya migongano na kampuni chache. Dada zangu, kuna ufadhili wa IAEA (shirika la kimataifa la nguvu za atomiki) wa Marie Skłodowska-Curie kwa wanawake wanaosoma masta za nyuklia, ufuatilieni.

Na bila kupanda ndege? Umeme wa mapigo una kitu ambacho wenzake hawana. Miaka ya 1980 profesa Sing Lee wa Malaysia na wenzake, kupitia ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia kilichoko Trieste, Italia, walitengeneza mashine ndogo ya kuminya plazma kwa ajili ya vyuo vya nchi kama zetu: kapasita moja ya mikrofaradi 30, kilovolti 15, juli elfu 3 na ushee. Nigeria na Zimbabwe walifanyia kazi mashine hiyo. Siyo fyusheni ya inesha kamili, ni binamu yake, lakini fizikia ya mkondo unaominya ni ile ile, na modeli yake ya kompyuta ni ya bure na inafunguka kwenye Excel. Laptopu ya mwanafunzi aliyepanga Ng'hong'onha inaiendesha bila shida. Leza ya kuminya haina toleo la chumba kimoja la namna hiyo, ingawa modeli rahisi za kidonge unaweza kuziandika mwenyewe kwa Python.

Onyo moja na sicheki: kapasita ya juli elfu 3 inaua papo hapo, na inaua hata ikiwa imezimwa kama hujaitoa chaji. Isijengwe geto. Isijengwe peke yako. Kazi za mionzi zina kibali cha TAEC (tume yetu ya nguvu za atomiki), tena za nyutroni ndiyo kabisa.

Kwa hali yako

Ukiwa mtu wa kutaka kufanya kazi kwenye kitu ambacho tayari kimewaka, na hesabu za mwanga na plazma zinakupa raha, nenda leza. Utakuwa sehemu ya kundi kubwa, ushindani mkali, machapisho mengi.

Ukiwa wa umeme, volti kubwa hazikutishi, na huogopi njia ambayo bado haijathibitisha kwamba itawaka, mapigo yanakufaa. Hapa ndipo moyo wangu ulipo nisiwafiche, ila naujua udhaifu wake: kama mashine za ampea milioni 60 zikiminya na mafuta yasiwake, miaka yako kadhaa itakuwa imeenda kwenye jibu la hapana.

Kibati kinamfaa anayependa metali, mawimbi ya mshtuko, jinsi vitu vinavyobadilika kwenye presha za ndani ya sayari. Hata fyusheni ikichelewa, hiyo fizikia ina kazi nyingine.

Ukiwa fundi wa TANESCO pale Zuzu au kwenye ile njia ya kilovolti 400, na unataka kurudi shule, jua kwamba jenereta ya Marx ndiyo hiyo hiyo inayotumika kupima kama transfoma na vikombe vinahimili radi. Unaanza ukiwa umeshajua nusu, na masta ya volti kubwa inakupa kazi hata kama fyusheni haitakuja.

Ukiwa mwaka wa tatu UDOM na projekti ni ya semista mbili, bajeti sifuri: chukua modeli ya Lee, badilisha kapasita na gesi, chora mikondo, linganisha na matokeo yaliyochapishwa. Msimamizi akikukatalia kwa kuwa hana mtu wa plazma, omba ya swichi na jenereta ndogo ya Marx kwenye maabara ya umeme, kwa volti ambazo maabara inaruhusu.

Na ukiwa bado unasita kati ya leza na mapigo, rudia ile hesabu ya mara 250 na mara 17 ukibadilisha namba mwenyewe. Ukijikuta unahangaika kupandisha ile asilimia, wewe ni wa mashine. Ukijikuta unahangaika kupandisha zile mara, wewe ni wa kidonge, na kwa sasa wenye vidonge vinavyowaka ni watu wa leza.